Patterson wa Tsavo: Giza lilimsumbua kuliko simba

MFUGAJI wa viungani mwa jiji la Eldoret anayekesha akilinda ng'ombe wake dhidi ya fisi, mbwa koko na wezi wa mifugo anaweza leo kuwa na chombo ambacho babu zake hawakukiota. Chombo hicho ni darubini ya joto, kifaa cha mkononi kinachomwonyesha kiumbe hai gizani kwa sababu mwili wake una joto kuliko nyasi na udongo unaomzunguka. Zamani vifaa hivi vilikuwa vya majeshi pekee. Siku hizi vinauzwa kwa raia, na swali la mnunuzi mwenye fedha kidogo limebaki moja: achague kipi?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuishika darubini ya namna hiyo. Mtu huyo ni John Henry Patterson, mwanajeshi na mhandisi aliyewaua simba wawili wala watu wa Tsavo mwaka 1898. Dunia inamkumbuka kwa ushujaa na kwa bunduki yake. Hata hivyo, anayeyachunguza maisha yake kwa makini hugundua kwamba Patterson hakukosa bunduki wala ushujaa. Alichokosa kwa miezi tisa, huku watu wakiliwa mmoja baada ya mwingine, ni jicho la kuona usiku.

Patterson alizaliwa Novemba 10, 1867, huko Forgney katika kaunti ya Longford nchini Ireland. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na jeshi la Uingereza. Alitumwa India, ambako alijifunza lugha ya wenyeji, kazi ya ujenzi na uwindaji. Ujuzi huo ndio uliomfungulia mlango wa Afrika Mashariki, kwa kuwa serikali ya Uingereza ilikuwa ikijenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vibarua waliotolewa India, ambao jumla yao ilikaribia 32,000.

Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896. Patterson alishuka Mombasa Machi 1, 1898, akapewa jukumu la kujenga daraja la kudumu juu ya mto Tsavo, kama kilomita 210 kutoka pwani. Alipofika alikuta nyika kavu yenye vichaka vya miiba vilivyosongamana kiasi kwamba hata mchana mtu hakuweza kuona mbali. Usiku hali ilikuwa mbaya zaidi.

Usiku wa kwanza juu ya mti

Hazikupita wiki nyingi kabla ya vibarua kuanza kutoweka. Mwanzoni Patterson hakuamini kwamba simba walihusika. Alidhani wahalifu waliwaua wenzao ili kuwaibia akiba ya mishahara. Shaka hiyo ilimtoka pale msimamizi mmoja wa vibarua, Ungan Singh, Kalasinga mwenye mwili wa miraba minne, aliponyakuliwa na simba akiwa amelala hemani pamoja na wenzake. Asubuhi Patterson alifuata nyayo na kukuta mabaki ya mwili. Akaapa moyoni kuwaangamiza wanyama hao.

Usiku uliofuata alipanda mti karibu na hema la marehemu, bunduki mkononi, akangoja. Simba walinguruma wakikaribia, kisha wakanyamaza. Baadaye zikasikika kelele na vilio kutoka kambi nyingine iliyokuwa mbali na pale. Simba walikuwa wamemchukua mtu mwingine, na Patterson hakuweza hata kushuka mtini, maana hangeona alichokuwa akikiendea.

Hali hiyo ilijirudia kwa miezi mingi. Kambi za wafanyakazi zilitawanyika kwa kilomita nyingi kando ya reli. Simba walikuwa wawili tu, na mlinzi mwenye bunduki ya maana alikuwa mmoja. Alikokesha Patterson, simba hawakuja. Walikokuja, yeye hakuwapo. Vibarua walizungushia mahema yao maboma ya miiba, wakawasha mioto usiku kucha na kupiga madebe. Simba walitafuta upenyo na kupita.

Katika tukio moja Patterson alikesha na Dakta Brock, tabibu wa reli, ndani ya behewa la mizigo karibu na kambi ya hospitali iliyokuwa imehamwa. Nusu ya juu ya mlango waliiacha wazi, wakakodolea macho weusi mtupu. Baada ya muda mrefu Patterson alihisi kuna kitu kinanyemelea, lakini hakuweza kuthibitisha. Ghafla kitu hicho kiliwarukia. Wote wawili walifyatua risasi kwa pamoja, mwako wa bunduki ukawapofusha, na mlio ukajaa ndani ya behewa la chuma. Simba alitoweka. Kulipokucha walikuta risasi moja imezama mchangani karibu na unyayo wa mnyama.

Hapo ndipo mnunuzi wa leo anapopata funzo la kwanza. Patterson na Brock walijua kwamba kitu kilikuwapo. Hawakujua kilikuwa wapi hasa, kilielekea wapi, wala kama kilikuwa simba. Kugundua ni hatua moja. Kutambua ni hatua nyingine, na baina ya hatua hizo mbili mtu anaweza kupoteza uhai wake au kuutoa wa mwingine.

Kugundua si kutambua

Wataalamu wa vifaa vya kuona usiku waliliwekea jambo hili vipimo. Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani aitwaye John Johnson alionyesha kwamba jicho huhitaji kiasi tofauti cha maelezo kwa kila hatua. Kwa lugha ya darubini za kisasa, ambazo picha yake huundwa na vidoti viitwavyo pikseli, upana wa kitu ukigusa pikseli 2 hivi mtazamaji atajua tu kwamba kuna kitu. Ili ajue ni mtu au ni mnyama anahitaji kama pikseli 8. Ili awe na hakika zaidi ni nani au ni nini hasa, anahitaji 12 au 13.

Hesabu yake si ngumu. Chukua darubini ya bei nafuu yenye lenzi ya milimita 25, ambayo kila pikseli ya kihisi chake ina upana wa mikroni 12. Katika umbali wa mita 100, kila pikseli itafunika karibu sentimita 5. Mtu aliyesimama, ambaye mabega yake yana upana wa nusu mita, ataonekana kama doa jeupe hata akiwa mita 500. Hata hivyo, mlinzi hataweza kusema kwa yakini kwamba doa hilo ni mtu mpaka lifike mita 130 hivi, na umbo lake halitakuwa wazi mpaka mita 80.

Wauzaji aghalabu hutangaza ule umbali wa kwanza. Mfugaji anayesoma kwenye boksi kwamba kifaa kinaona mita 500 au 1,000 hudhani kwamba atamtofautisha fisi na ndama wa jirani katika umbali huo. Hatamtofautisha. Ataona doa tu, kama lile ambalo Patterson alilihisi kutoka ndani ya behewa.

Jambo la pili linalochanganya wanunuzi ni idadi ya pikseli. Vihisi vya bei ya chini huwa na pikseli 160 kwa 120 au 256 kwa 192, vya kati 384 kwa 288, na vya bei ya juu 640 kwa 512. Wengi huamini kwamba pikseli nyingi humaanisha kuona mbali zaidi. Ikiwa lenzi na ukubwa wa pikseli ni vilevile, sivyo. Kile kifaa cha pikseli 256 chenye lenzi ya milimita 25 kitaonyesha eneo lenye upana wa mita 12 hivi katika umbali wa mita 100, ilhali cha pikseli 640 kitaonyesha mita 30 na ushei. Fedha za ziada hununua upana wa dirisha, na upana huo ni muhimu kwa anayepekua malisho makubwa. Kwa anayelinda zizi lenye lango moja, dirisha dogo linatosha.

Desemba ya hofu

Kufikia mwishoni mwa mwaka 1898 uvumilivu wa vibarua ulikwisha. Desemba 1 walimwambia Patterson kwamba walikuja Afrika kufanya kazi, si kuliwa. Mamia walijilaza juu ya reli, wakasimamisha garimoshi, wakapanda na kuondoka. Kazi ya daraja ilisimama kwa karibu wiki tatu. Siku iliyofuata ofisa wa wilaya, Whitehead, aliyekuja kusaidia, alivamiwa usiku alipokuwa akitembea kutoka stesheni. Aliponea chupuchupu akiwa na majeraha mgongoni, lakini askari wake aitwaye Abdullah aliuawa.

Patterson alikuwa ametengeneza mtego mkubwa wa vyuma vya reli, wenye vyumba viwili: kimoja cha simba na kingine cha watu waliowekwa kama chambo, wakitenganishwa kwa nondo. Usiku mmoja simba aliingia na mlango ukajifunga nyuma yake. Ndani ya kile chumba cha pili walikuwamo askari wenye bunduki. Walipiga risasi zipatazo 20 kutoka hatua chache tu, wakiwa wamejawa na hofu na giza. Hakuna risasi iliyomuua. Moja ilivunja chuma cha mlango, na simba akapata pa kutokea.

Mabadiliko yalikuja Desemba 9. Asubuhi hiyo Patterson alimkabili simba mmoja uso kwa uso akiwa na bunduki nzito ya kuazima ambayo hakuwahi kuijaribu. Alipofyatua, risasi haikutoka. Simba aliondoka zake. Funzo hilo ni la kale na halijachakaa: chombo kigeni hujaribiwa mchana, nyumbani, kabla ya usiku wa kukihitaji. Anayenunua darubini ya joto na kuiwasha kwa mara ya kwanza siku wezi wanapokuja hatakumbuka hata kitufe cha kuwashia.

Jioni ya siku hiyo Patterson alijenga dungu la miti minne, kimo chake kama mita 3 na nusu, na ubao wa kukalia, karibu na mzoga wa punda aliyekuwa ameuawa na simba. Alikaa peke yake. Simba alikuja, lakini badala ya kumwendea punda, alianza kumzunguka mwindaji. Kwa muda wa saa mbili alilizunguka dungu hilo kwa mnyato, akikaribia kidogo kidogo. Bundi aliyedhani Patterson ni tawi la mti alimgonga kichwani na nusura amwangushe. Hatimaye simba alifika karibu, na Patterson akaweza kulikisia umbo lake dhidi ya vichaka. Alifyatua, kisha akamimina risasi kuelekea mahali sauti ilipotoka. Kulipopambazuka alikutwa simba dume aliyekufa, mwenye urefu wa karibu mita 3 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Watu wanane walihitajika kumbeba.

Umbali huo mfupi unastahili kuzingatiwa. Mwindaji mashuhuri kuliko wote katika historia ya Kenya hakumpiga simba wake kutoka mita 500. Alihitaji kuona vizuri hadi mita 50 au 100 tu, na laiti angeweza, huenda wengi wangepona. Ndivyo ilivyo kwa walinzi wengi. Kabla ya kwenda dukani, mtu na apime kwa hatua umbali kutoka anapokaa hadi ua wa mwisho wa zizi. Umbali huo ndio anaopaswa kuweza kutambua kitu, na ndio unaopanga bei.

Simba wa pili alihitaji subira zaidi. Mwishoni mwa Desemba Patterson alipanda mtini pamoja na mbebaji wake wa bunduki, Mahina, wakapeana zamu ya kulala na kukesha. Usiku huo mbalamwezi iliangaza. Yapata saa tisa za usiku Patterson aliamka, akamwona simba akinyemelea kutoka kichaka hadi kichaka, akamngoja hadi mita 18 hivi, ndipo akapiga. Mnyama alikimbia na kujeruhiwa. Asubuhi walimfuata, akawageukia, na hatimaye akauawa baada ya kupigwa risasi kadhaa.

Tofauti ya usiku ule na ile iliyotangulia ilikuwa mwanga wa mwezi na wenzo wa kupokezana. Darubini ya joto huleta mwezi kila usiku, lakini haileti mwenza. Betri zake nyingi hudumu kwa saa chache, na macho ya mtazamaji huchoka kabla ya betri. Tena kioo chake kinachong'aa humwacha mtumiaji akiwa kipofu kwa muda katika jicho alilokuwa akitazamia, kama mwako wa bunduki ulivyowapofusha Patterson na Brock. Mlinzi mwerevu hupunguza mwanga wa kioo, hutazama kwa vipindi, na huwa na betri ya akiba.

Hesabu ya waliokufa

Daraja la Tsavo lilikamilika mapema mwaka 1899, na wafanyakazi wakamtunuku Patterson bakuli la fedha. Reli ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901. Tawi lake la kupitia Eldoret lilikuja baadaye sana, mwaka 1924.

Ni watu wangapi walioliwa? Katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson aliandika kwamba vibarua wa Kihindi waliouawa walikuwa 28, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyeweka orodha yao. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza kemikali katika manyoya na mifupa ya simba hao walikadiria kwamba watu walioliwa walikuwa kama 35, ingawa makadirio yao yaliweza kufika 72. Mwaka 2024 watafiti wengine walitoa nywele zilizonasa katika meno yaliyovunjika ya wanyama hao, wakakuta vinasaba vya binadamu, twiga, pundamilia, nyumbu na wanyama wengine.

Ngozi za simba hao Patterson alizifanya mazulia ya nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1924 aliliuzia jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000, ambako zilijazwa na kusimamishwa, na wageni bado huzitazama. Wengi hushangaa kuona kwamba hazina manyoya ya shingoni ingawa wote wawili walikuwa madume. Anayetegemea alama moja kumtambua mnyama, hata mchana, anaweza kukosea.

Majina ya Waafrika waliokufa Tsavo hayajulikani hadi leo. Hawakuwa katika vitabu vya mishahara, hivyo hawakuhesabiwa.

Giza la Tsavo halikuishia kwa simba hao wawili. Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alikesha ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti, ili kumuua simba mwingine aliyekuwa akisumbua wafanyakazi. Zamu ya Ryall ilipofika, usingizi ulimshinda. Simba aliingia, akamuua na kutoka naye dirishani. Hakuna chombo kinachomwonea mtu aliyelala.

Mlinzi wa wanyamapori

Patterson alipigana vita vya Makaburu Afrika Kusini na kupata nishani. Kitabu chake cha Tsavo kilipotoka mwaka 1907 kilimpa umaarufu, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa Mlinzi Mkuu wa Wanyamapori katika Himaya ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa mwindaji sasa alipaswa kusimamia vibali, mipaka na sheria za uwindaji.

Ilikuwa katika kipindi chake, mwaka 1908, ambapo msafara mkubwa wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda na magari ya kukokotwa na maksai hadi uwanda wa Uasin Gishu, mahali ambapo kijiji kilichoitwa Sixty Four kiliota na kupewa jina la Eldoret mwaka 1912. Uwanda huo ulijaa pofu, twiga, kongoni na simba. Katika miongo michache mashamba ya ngano na mahindi pamoja na bunduki za walowezi viliwamaliza wengi wao.

Kilichofuata kiliharibu jina la Patterson katika nchi hii. Mwaka 1908 alisafiri kuelekea kaskazini akifuatana na kijana wa ukoo wa kitajiri, Audley Blyth, na mkewe Ethel. Wakiwa porini, Blyth alikufa kwa risasi ndani ya hema. Patterson alimzika na kuendelea na safari pamoja na mjane. Uvumi ulienea kote, suala hilo likafika bungeni London, na ingawa serikali haikumtia hatiani, alijiuzulu mwaka 1909. Kilichotokea hemani hakikuonwa na jicho la shahidi huru, na mtu aliyeteswa na giza la Tsavo alimaliza kazi yake Kenya akiandamwa na giza la namna nyingine.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipata heshima mpya. Mwaka 1915 aliongoza kikosi cha nyumbu cha Wayahudi huko Gallipoli, na mwaka 1918 akaongoza batalioni ya Wayahudi katika jeshi la Uingereza huko Palestina. Alistaafu mwaka 1920 akiwa luteni kanali. Alifariki Juni 18, 1947 huko California, Marekani. Desemba 2014 majivu yake yalihamishiwa Israeli na kuzikwa katika kijiji cha Avihayil, karibu na makaburi ya baadhi ya askari wake.

Jicho lililochelewa

La kusikitisha ni kwamba elimu ya mwanga wa joto ilikuwapo kabla ya Tsavo. Mwanaastronomia William Herschel aliugundua mwanga huo usioonekana mwaka 1800. Mmarekani Samuel Langley, aliyebuni kipima joto kiitwacho bolometa, alikiboresha hadi, kufikia mwaka 1901, kuweza kunusa joto la ng'ombe aliye umbali wa mita 400. Lakini kilikuwa chombo cha maabara. Iliwachukua wataalamu hadi mapema miaka ya 1990 kwa teknolojia ya vihisi vidogo visivyohitaji kupozwa, iliyobuniwa na kampuni ya Honeywell kwa siri ya kijeshi, kufunguliwa na kuingia sokoni. Mwaka 2016 shirika la WWF lilitangaza kwamba kamera za joto zilizofungwa Maasai Mara zilikuwa zimesaidia kuwanasa wawindaji haramu zaidi ya 20.

Wanaotafuta kifaa hicho kwa bei nafuu katika nyanda za juu za Eldoret wana bahati moja. Usiku wa huko ni wa baridi, na ardhi ikipoa, mwili wa kiumbe hujitokeza vizuri. Ila jioni, mawe na mabati yaliyoota jua mchana kutwa bado hung'aa na kudanganya. Mvua kubwa na ukungu hupunguza uwezo wa kila darubini, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Kioo cha dirisha la gari huziba joto kabisa, kwa hivyo hakuna kinachoonekana hadi dirisha lishushwe. Anayetazama wanyama wanaokimbia aulize pia kifaa hutoa picha ngapi kwa sekunde: chenye picha 9 hukwamakwama, chenye 25 au 50 hutiririka.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni kati ya darubini ya mkononi na ile inayofungwa juu ya bunduki. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Kwa mlinzi wa Eldoret darubini ya mkononi ndiyo chaguo la busara, la bei na la sheria. Hata penye ruhusa ya bunduki, kupekua mazingira kwa darubini iliyofungwa juu yake ni kuelekeza mtutu kwa kila kitu kabla ya kukijua, yaani kwa ndama, kwa jirani na kwa mtoto aliyetoka nje usiku. Aliye na shaka juu ya kuingiza vifaa hivi nchini aulize kwanza polisi, na anayeona chui au fisi karibu na makazi aliarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Patterson alitumia miezi tisa kupata mapigo mawili ya uhakika, yote kutoka umbali wa hatua chache, mara alipoweza hatimaye kujua kilichokuwa mbele yake. Waliokufa kabla ya hapo walikufa wakiwa karibu na bunduki. Mwenye fedha kidogo asione haya kununua kifaa kidogo, mradi kimwezeshe kutambua, katika umbali wa zizi lake mwenyewe, kama doa lile jeupe ni fisi, ni mwizi au ni mwanawe.